Siku ya Mtu Nayo Ipimwe

Hotuba hii juu ya kazi za kujitolea niliitoa Septemba kwenye mkutano wa wanakijiji wenzangu hapa Newala, msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ukiwa umekwisha na korosho hazijaanza kudondoka. Naiweka nzima kwa ajili ya ndugu zetu walioko Mbagala ya Dar es Salaam, Mtwara mjini na kwingineko ambao hawakufika. Isipokuwa hesabu nilizokuwa nikichora ubaoni, hizo nimeziondoa.

Ndugu mwenyekiti wa kijiji, ndugu mtendaji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wenyeviti wa vitongoji, shehe wetu, katekista wetu, wazee wangu, mama zangu, wajomba zangu, na ninyi vijana wa bodaboda mliokaa juu ya pikipiki kule nyuma kana kwamba mko safarini: itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mwenyekiti alinifuata nyumbani wiki iliyopita. Akaniambia, "Mwalimu, njoo uwaseme watu. Moyo wa kujitolea umekufa kijijini." Nikamjibu kwamba kuja nitakuja, lakini hilo sitalisema, maana si kweli. Yupo hapa, atanikosoa nikikosea.

Moyo haujafa. Ungekuwa umekufa, jamani, tungezikana vipi?

Hebu tuulizane. Nani hapa alishawahi kupigiwa mbiu ndipo aende msibani? Nani alishawahi kutozwa faini kwa sababu hakuchimba kaburi? Nyoosheni mikono. Hakuna. Hata mmoja.

Mwaka jana, msimu umepamba moto, mzee wetu mmoja alifariki usiku. Mnamkumbuka, sina haja ya kumtaja. Mnajua wakati ule kulivyo. Alfajiri kila mtu yuko mashambani anaokota, kwa sababu korosho ikilala chini ikapata maji inashuka daraja, na daraja likishuka hata mnadani hupandi nalo. Kwa hiyo siku ile kila aliyebaki kijijini alikuwa anapoteza hela yake mwenyewe. Lakini nilipotoka kwenda kuswali nikakuta vijana wameshashika njia ya makaburini na majembe na sururu. Kuna aliyekwenda kumgongea mwenye duka kwa ajili ya sanda. Kuna aliyewasha pikipiki kwenda kuarifu ndugu Kitangari na Tandahimba, giza bado nene. Mikeka ikatoka nyumba hii, sufuria kubwa ikatoka nyumba ile, turubai likatoka kwa wale waliokuwa wametoka kulitumia kwenye unyago, hata halijakunjwa vizuri. Akina mama wakapanga foleni ya ndoo. Na jua halijapanda sana, watani nao wameshafika na vituko vyao, mmoja amelala mbele ya jeneza anadai deni lake la tumbaku.

Nani aliwapanga watu wale? Hakuna. Nani aliwalipa? Hakuna. Nani alilalamika kwamba korosho zake zimelala chini? Labda moyoni. Mdomoni hakuna.

Mimi nimestaafu kufundisha, lakini ugonjwa wa kusahihisha haujaniacha. Nimekaa barazani nikajiuliza: kwa nini msiba hautushindi, na nyumba ya muuguzi inatushinda? Watu ni walewale. Mikono ni ileile. Sururu ni zilezile.

Wapo wanaosema ni kwa sababu kifo kinatisha, kila mtu anajua siku yake inakuja. Sawa, sikatai. Lakini kuugua nako kunatisha, na kujifungua usiku bila muuguzi kunatisha zaidi, na bado hatujengi. Hofu peke yake haichimbi msingi.

Nikatazama tena. Kwenye msiba kila mtu anajua kazi yake kabla hajaambiwa. Mwenye nguvu anachimba, mwenye ndoo anachota, asiye na nguvu anakaa na wafiwa, na kukaa kwake kunahesabika. Kazi ina mwanzo na ina mwisho. Tukishafukia tumefukia, hakuna atakayetuambia kaburi lile lirudiwe mwezi ujao. Wala hakuna anayenufaika kwa mlango wa nyuma. Hakuna mtu kijiji hiki aliyewahi kujenga nyumba ya bati kwa mchanga wa makaburini.

Na lipo jambo jingine ambalo tunalifanya kila siku lakini hatulisemi. Kwenye msiba kuna daftari.

Nyie mnacheka, lakini ni kweli. Pembeni ya mkeka wa wanaume pana mtu amekaa, kalamu nyuma ya sikio, anaandika. Fulani, shilingi elfu mbili. Fulani, mchele kilo mbili. Fulani, mzigo wa kuni. Kikundi cha akina mama cha kitongoji fulani, unga na maharage. Shughuli ikiisha, orodha inasomwa kwa sauti mbele ya watu, na aliyetoa mia tano anatajwa kwa sauti ileile ya aliyetoa elfu ishirini. Halafu daftari linakwenda ndani. Linawekwa kwenye sanduku pamoja na kadi za kliniki na stakabadhi za korosho. Siku msiba ukihamia kwako, wenye daftari wanalifungua: huyu alitufaa, twende.

Sasa niambieni, daftari lile limeua huruma yetu? Limetufanya tusilie? Mbona kila nikisema kazi za kijiji ziandikwe, nani kaja na kafanya nini, kuna wazee wananiambia, "Mwalimu, ukianza kuandika, si kujitolea tena, ni kibarua"? Wazee wangu, shikamooni, lakini hapo tunabishana. Mambo tunayoyafanya kwa uchungu zaidi kuliko yote hapa duniani tunayaandika. Tunayaandika kwa sababu tunayaheshimu.

Twende kwenye boma, lile jengo la nyumba ya muuguzi lisilokwisha.

Mnalipita kila siku mkienda bomba la maji. Mbuzi wanalijua kuliko sisi. Nitasema habari zake, na sitamtaja mtu, kwa sababu wengine waliohusika wameshahama na wengine wameshatangulia mbele za haki, na sikuja hapa kufukua.

Palikuwa na mpango wa nchi nzima, MMAM, mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, ulioanza mwaka 2007 ukakusudiwa kufika 2017. Lengo lake mlilisikia redioni: kila kijiji kiwe na zahanati, kila kata iwe na kituo cha afya. Zahanati tukaipata. Tulifurahi, tukacheza ngoma. Lakini zahanati bila muuguzi ni ukuta wenye rangi, na muuguzi bila pa kulala anakaa mbali, anakuja saa nne, anaondoka saa nane, na mimba haiangalii saa. Kwa hiyo tukakubaliana tujenge nyumba ya muuguzi. Utaratibu mnaujua: wananchi tunanyanyua ukuta hadi linta, halmashauri ya wilaya inaleta bati na kumalizia.

Mbiu ikapigwa. Ikapigwa lini? Novemba! Nani aliyechagua Novemba sijui, lakini hakuwa na mkorosho. Watu wakaja hivyohivyo. Wakaacha korosho chini, wakaja kufyatua tofali.

Na hapa nataka wale watoto wetu waliozaliwa mjini wanielewe vizuri. Huko mabondeni mtu akitaka tofali anakwenda kando ya mto, anachimba, anafyatua. Huku juu kwetu mto uko wapi? Nyanda hizi za Makonde mvua ikinyesha ardhi inaimeza yote, inakwenda kutokea huko chini bondeni. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakiteremka genge na kupanda tena na mtungi kichwani, wanaondoka usiku wanarudi jua la utosi. Mradi wa maji wa Makonde ndio uliowapumzisha, ule unaosukuma maji kutoka Mitema, na hata sasa bomba likikauka sote tunajua tunakorudi: kwenye visima vyetu vya kukingia maji ya mvua, yale ya kwenye bati. Kwa hiyo tofali la huku lina maji ya mtu ndani yake. Na mtu huyo, wanaume wenzangu tusidanganyane, ni mama. Sisi tulifyatua. Wao walibeba. Siku zile kuna nyumba zilikosa maji ya kupikia kwa sababu maji yamekwenda kwenye tofali.

Tukapata lundo zuri. Likasubiri tanuri. Kuni zimeshakatwa, fundi wa kuchoma yupo. Fundi akasema, nioneshwe kwanza kiwanja, nisije nikachoma tofali upande huu wakajenga upande ule. Kiwanja kikasubiri mpimaji. Mpimaji akasubiri barua. Barua ikasubiri sahihi. Mvua haikusubiri mtu.

Mnajua mvua ya Desemba ya Newala na tofali bichi. Mpaka mwisho wa mwezi lundo lote limekaa kama keki iliyokaliwa. Kilichosalia ndicho kile kipande cha ukuta tulichokipandisha baadaye kwa tofali za kuokoteza, wanachokipanda mbuzi.

Lakini ndugu zangu, mvua siyo iliyotuua. Mvua tumezaliwa nayo. Kilichotuua ni kwamba baada ya pale mkutano ulifanyika, taarifa ikasomwa, mapato na matumizi yakasomwa, na hakuna aliyesimama kusema: jamani, siku zenu zimepotea, poleni. Hakuna! Hela ingepotea, ingeulizwa. Mfuko mmoja wa saruji ungepotea, mngevunja mlango wa ofisi. Siku za watu kijiji kizima zilipotea, ikaendelea ajenda ya mbwa wanaozurura.

Mwaka uliofuata mbiu ikapigwa tena. Wakaja watu wachache, tena wazee. Basi tukaitwa wavivu. Nikamkuta mama mmoja kisimani, mama ambaye kwenye msiba huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, nikamtania: mbona siku hizi umekuwa mvivu? Akaweka ndoo chini. Akaniambia, "Mwalimu, mimi si mvivu. Mimi nimeibiwa."

Nikanyamaza. Ningemjibu nini?

Wote hapa mnaijua kangomba. Mtu ana shida Julai, mtoto anaumwa au ada inadaiwa, anakuja mjanja na bakuli lake, anapima korosho ambazo hazijaokotwa, anamwachia hela ya sabuni. Hakuna mzani, hakuna karatasi. Ikifika Oktoba mali imekwenda. Serikali ikaleta stakabadhi ghalani mwaka 2007, na pamoja na kelele zetu zote juu ya makato na malipo kuchelewa, jambo moja hatulikatai: unakwenda chama cha msingi, gunia linapandishwa kwenye mzani, unaondoka na karatasi yenye jina lako na kilo zako. Sasa siku ya mtu, jua zima la mtu, tunaichukuaje? Kwa bakuli. Tunaichukua kwa kangomba, halafu tunashangaa mwenyewe haileti tena.

Kuna watakaosema dawa yake ni faini. Nimesikia minong'ono hiyo hata leo asubuhi. Asiyekuja msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuku wake akamatwe. Nami nasema: polepole.

Jirani zetu wa Umatumbi, huko Kilwa, wanatufundisha kitu. Mwaka 1905, mwezi wa saba, watu wa Nandete waliingia kwenye shamba la pamba wakaing'oa. Ndiyo ikawa Vita vya Maji Maji, vikaenea kusini kote, na mateso yaliyofuata wazee wetu walitusimulia. Pamba ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa kazi ya pamoja, kwa maneno. Watu wa kijiji wote wanatoka, wanalima shamba moja chini ya jumbe na akida wa Mjerumani, na wanachopata ni viboko na senti za kuaibisha, huku mashamba yao ya chakula yanaota nyasi. Watu wale walikuwa wavivu? Walikuwa hawajui ushirikiano? Walilimiana kwa ujima tangu enzi na enzi! Walijua tu kutofautisha. Mtu wa kusini ukimwita kwa heshima anakuja na jembe mbili, la kwake na la kukuazima. Ukimsukuma, utaona.

Sheria ndogo ya kijiji inaruhusiwa, sikatai, ilimradi imepita kwenye mkutano mkuu huu na kuidhinishwa na wilaya. Lakini anayekimbilia faini kabla hajasoma hesabu za siku za watu ameanzia mwisho. Na tena, ni nani hukamatwa kuku? Mjane. Wenye pikipiki hawakamatwi, wanakimbia. Vijana, si kweli?

Nije kwenye habari ya salfa, maana hapa kuna jambo ambalo sisi tunaopenda kusifu kujitolea tunalificha.

Kuna bibi yetu mmoja, watoto wake wote wako Dar es Salaam. Mikorosho yake ni ile mikubwa ya zamani, alipanda na marehemu mumewe. Vijana wa kitongoji chake, Mungu awabariki, walikubaliana kwamba wakimaliza kwao watampulizia na yeye. Bure. Hakuna aliyewatuma. Na kupulizia si mchezo: unaamka alfajiri upepo haujaanza, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, unabeba mashine mgongoni, macho yanawasha, na baada ya wiki mbili hivi unarudia tena, na tena, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua, haungoji. Mzunguko wa kwanza wakapuliza. Wa pili wakapuliza. Wa tatu hawakuonekana.

Bibi akanyamaza, anaona aibu kudai kitu cha bure. Vijana wakanyamaza, wanaona aibu kusema. Kusema nini? Kwamba petroli imekwisha! Salfa ilikuwepo, mfuko umekaa ndani. Nguvu zipo. Mashine ipo. Lakini mashine ile haiendi kwa dua, inataka petroli na oili, na petroli huku kwetu inauzwa kwa chupa kwa bei anayojua mwenyewe muuzaji. Aibu ya pande mbili ikakaa pale kati, na maua yakapakwa unga mweupe yakakauka mtini. Msimu ule bibi aliokota za kukaanga tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kujitolea ni bure, namuuliza: petroli nani? Anayechimba msingi amekula nini asubuhi? Mama anayebeba maji ya tofali, mtoto wake mgongoni amemwachia nani? Yule kijana anayefungua bomba kila alfajiri na kulifunga kila jioni, tochi yake betri nani? Vitu vidogo hivi tunaviona haya kuvitaja, na ndivyo vinavyoua kazi kubwa. Vitajeni! Bora kazi ianze na ugomvi wa petroli kuliko iishe na kimya.

Tena huyo kijana wa bomba nataka niseme naye kidogo. Simama, mdogo wangu. Hataki. Basi kaa. Ninyi nyote mnamjua. Sisi watu wa kusini tuko hodari kwenye dharura. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipotangazwa, watu wa mwambao walibebana, wagonjwa na wazee, kwenda sehemu za juu, na kimbunga chenyewe kikapitia Msumbiji. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini huko Kilwa, kila aliyekuwa na ndugu ndani ya mabasi yaliyokwama alipiga simu na kuchangia. Dharura hatushindwi. Tunachoshindwa ni Jumanne ya kawaida. Jumanne isiyo na kimbunga wala maiti, bomba linataka kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya Juni ya huku juu mnaijua. Mtu anayejitolea Jumanne ya kawaida, mwaka hadi mwaka, sisi humkumbuka siku amechelewa. Siku hiyo ndiyo tunalijua jina lake vizuri sana.

Sasa mtasema, Mwalimu umelaumu wee, unataka tufanye nini?

Nataka tujifunze kwa mama zetu, na sitaki kwenda mbali. Vikundi vyao vya kukopeshana vinakaa kila wiki, chini ya mikorosho hiyohiyo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hakuna hela inayoingia wala kutoka bila wote kuona na kusikia. Mama asiyejua kusoma anakariri kichwani hisa zake na za jirani yake, ukimpunja mia anakusimamisha. Wana na mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya mgonjwa na mfiwa. Hawa ndio waliomwokoa bibi yule mwaka uliofuata: kikundi kikatoa petroli kwenye mfuko wa jamii, vijana wakatoa mgongo, ikaandikwa hivyo, mizunguko yote ikakamilika. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu kila kitu kilisemwa mwanzoni.

Basi nyumba ya muuguzi tuifanye hivyo. Kila kitongoji kiwe na daftari, na daftari lisikae kwa kiongozi. Likae kwa mtu ambaye watu wenyewe mtamchagua leo, na ikiwezekana awe mama anayetunza daftari la kikundi, kazi anaijua. Liandikwe jina na kazi. Aliyechota maji aandikwe maji. Aliyepika uji wa wachimbaji aandikwe uji. Mzee aliyekuja akakaa kivulini akachonga mipini ya majembe, aandikwe mipini. Mjamzito na mgonjwa wasiandikwe watoro.

Na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria, ukisoma mapato na matumizi ya fedha, usome na ya siku. Tulitoa siku hizi, zimezaa hiki, zilizopotea ni hizi na sababu ni hii. Wataalamu wa miradi wakija hapa huandika "nguvu za wananchi" kwenye makaratasi yao na kuzipa thamani ya shilingi. Kama wao wanajua thamani yake, sisi wenye nguvu zenyewe tunaonaje tabu kuijua? Mtendaji, hilo nakuomba uliandike kwenye muhtasari kama nilivyolisema, usilipunguze makali.

Halafu kalenda. Naomba hili nilirudie ili hata wa kwenye pikipiki walisikie: hakuna kazi ya kijiji Novemba! Hakuna kazi ya kijiji Novemba! Oktoba hadi Desemba ni za korosho. Januari na Februari tuko kwenye palizi. Juni hadi Agosti ni salfa. Tulichonacho ni hiki kipande cha sasa, wiki hizi chache, na jua bado ni la kukausha tofali. Kiwanja safari hii kimeshapimwa, vigingi nimeviona kwa macho yangu, na fundi wa tanuri ameshaoneshwa. Tofali hazifyatuliwi mpaka kuni ziwe zimeshapangwa pale. Tukichelewa tukaona korosho zimeanza kudondoka, tusimame hapohapo tulipofika, tufunike kilichopo kwa maturubai, twende mashambani, tusidanganyane.

Neno kwa ndugu zetu wa Mbagala, maana najua haya yatawafikia. Michango yenu kwenye simu tunaiona na tunashukuru. Lakini kuna tabia imeingia ya mtu kutuma elfu kumi, kisha kwenye kundi la Watsapu anakuwa msemaji kuliko waliobeba maji. Hela zenu ziandikwe kwenye ukurasa wake, siku za watu kwenye ukurasa wake, na mkutanoni zisomwe zote kwa sauti moja, kama kwenye msiba. Na mkija Desemba kwenye jando na unyago wa watoto wenu, mje na siku mbili za ziada. Sururu tutawaazima. Mtakula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Kuhusu uji wa wachimbaji, kitongoji cha juu wamejitolea unga, kitongoji cha chini wanasema sukari haiwatoshi. Hilo limaliziwe hapahapa kabla hatujaondoka. Kazi inaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Wanaume na vijana na majembe na vibao vya kufyatulia, na safari hii ndoo tubebe wote. Ndiyo, nimesema wote. Shehe amekubali kwamba waliotoka alfajiri kuswali wanapitiliza moja kwa moja, na katekista amekubali Jumapili asiwaite wana kwaya mazoezini mapema mno.

Mimi ya kwangu ndiyo hayo. Mwenyekiti, kiti chako hicho. Ila kuna mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja petroli, naona hata mtoto ameshamhamishia mgongo mwingine. Mpe yeye kwanza.